Mkaguzi wa Utani

"Mume wangu, jua lote hili na wewe umekaa tu? Maji yamejaa ndivani. Nenda kafungulie, watu wanasubiri zamu zao!"

Sauti ilikuwa ya Bibi Nanzia. Mume aliyeambiwa hivyo alikuwa Shafii, mtoto ambaye hata kamasi zake alikuwa bado anafutwa na watu wengine. Kwenye kioo cha kompyuta mezani kwa Namsifu maneno yale yalijiandika yenyewe, na chini yake likatokea swali lilelile la kila siku: Utani au kosa?

Namsifu alikuwa amezoea kubonyeza bila hata kuacha kutafuna. Safari hii alisita. Akairudisha ile sauti, akaisikiliza upya, sikio amelitega. Bibi anapomtania mjukuu huwa kuna kicheko amekibana mahali, kwenye meno au kwenye pumzi, na mkaguzi mzoefu hukisikia. Humu hakikuwemo. Bibi Nanzia alikuwa amekasirika kweli, kama mke anavyomkasirikia mume mvivu.

Na Bibi Nanzia alikuwa mama yake mzazi.

Namsifu akabonyeza Utani. Kioo kikashukuru, kikayafuta maneno, kikaleta swali la mzee mwingine.

Usicheke. Ndiyo ilikuwa kazi yake, na ilikuwa na mshahara, ingawa mshahara wenyewe ulikuwa ukija unachechemea. Mlangoni kwake paliandikwa kwa herufi kubwa: MKAGUZI WA UTANI. Wageni kutoka mkoani walipokuwa wakipita hapo walipiga picha mlango ule, wakacheka weee, wakaondoka zao. Wangekaa siku moja tu wasingecheka.

Mji wa Ndungwi ulikuwa mji wa tangawizi. Bei ya tangawizi ilipoporomoka, na benki zikafuata, na hela ikawa kitu cha kusikia kwa majirani, Halmashauri ilifunga shule zote za chekechea. Kisha ikafunga makazi ya wazee. Kina mama waliobahatika kubaki kwenye kiwanda cha tangawizi wakawa hawana pa kuwaacha watoto. Wazee wakawa wanaanikwa barazani kutwa kama nguo. Ndipo baraza la madiwani likaja na Sheria ya Jozi. Wazee walee watoto, watoto wawachangamshe wazee, wote chini ya paa moja na sufuria moja la uji. Nyumba ya Pamoja, wakaiita. Mzee akionekana anafaa kulea, anapewa watoto, na pamoja nao anapewa kitanda, dawa na chakula. Asipofaa, anarudishwa kwa ndugu zake siku hiyohiyo. Na watoto wake nao wanarudishwa kwa mama zao, kwa sababu hapakuwa na mzee wa ziada wa kuwapokea. Shoka likimwangukia mmoja lilikuwa linawaangukia wote.

Nani wa kuamua kama mzee anafaa? Watu wa kufanya kazi hiyo walishaachishwa. Basi ikaletwa mashine. Kila mzee alivaa kidani shingoni, kidogo chenye taa, na kile kidani kilikuwa kinasikiliza kila alilosema, kinaangalia alikuwa anamwambia nani, kinalinganisha. Ukimwita Hamisi kwa jina la Hamisi, taa yako inabaki ya kijani. Ukikosea watu, inageuka njano. Ukiendelea, nyekundu, na nyekundu ndiyo safari ya nyumbani. Sikioni palikuwa na kidude kingine cha kumsaidia mzee, kikimnong'oneza: huyu ni fulani, mpe maji, mpeleke chooni. Wazee wenyewe waliipachika ile mashine jina la Mkwe, kwa sababu mbele ya mkwe mtu hujikaza, haropoki.

Wiki ya kwanza tu nusu ya vidani vilikuwa vyekundu. Mafundi wakashangaa: mbona mji mzima una wazee waliochanganyikiwa? Bibi kizee anamwita mtoto wa jirani mume wangu! Babu anasema binti wa miaka mitano ni mke wake na anamdai chai! Namsifu, aliyekuwa karani tu wakati ule, ndiye aliyesimama mbele ya wale vijana wenye kompyuta akawaeleza kitu ambacho hata mbuzi wa Ndungwi walikijua, kwamba babu na bibi hutaniana na wajukuu, na mjukuu huolewa na kuachwa mara kumi kabla ya chakula cha mchana. Vijana waliandika, wakakuna vichwa, mwisho wakasema mashine haiwezi kujua lini ni utani na lini ni ugonjwa. Basi itamuuliza mtu. Nao wakamtazama yeye.

Tangu hapo alikuwa akijibu. Na mashine ilikuwa ikijifunza kutokana na majibu yake, kwa hiyo maswali yalizidi kupungua. Wazee walimpenda kwa hilo. Walimwita wakili wao.

* * *

Alifunga mlango wa ofisi akashuka uani kujionea mwenyewe.

Bibi Nanzia alikuwa amekaa kwenye mkeka wake chini ya paneli za jua, mahali penye kivuli, Shafii akiwa amejilaza mapajani pake na watoto wengine wawili wakigombea kijiko. Kidani chake kilikuwa kijani kibichi.

"Shikamoo mama."

Bibi Nanzia alisubiri kidogo, kichwa amekiinamisha upande wa sikio lenye kile kidude, kisha uso ukamkunjuka. "Marahaba, Namsifu. Namsifu wangu. Umekula?"

"Nimekula. Hebu lete sikio nikusafishe, naona lina nta."

Akakitoa kile kidude akakishika kiganjani. Aliinama karibu na mama yake, akajitia kucheka, akamwonyesha mtoto. "Haya, mama. Huyu nani?"

"Maswali gani hayo?" Bibi Nanzia alikipapasa kichwa cha Shafii. "Humjui baba yako? Kiondo huyu. Leo kashindwa kuamka kabisa, sijui amekunywa nini jana."

Kiondo, baba yake Namsifu, mume wa huyu mama, alikuwa ameshazikwa kabla hata tangawizi haijashuka bei. Alikuwa mfungulia maji wa kijiji, yeye na baba yake na babu yake, watu wa kushuka ndivani, kwenye bwawa la mlimani, kila asubuhi kuchomoa gogo ili maji yaliyokusanyika usiku yateremke mashambani.

Shafii alifumbua jicho moja, akacheka. "Mimi ni mume wa bibi," alisema kwa majivuno.

Saa ya Namsifu ikatetemeka mkononi. Swali lilikuwa limemfuata mpaka huku chini. "Humjui baba yako? Kiondo huyu." Utani au kosa?

Na lilikuwa na jibu, ndiyo ubaya wake! Nani Ndungwi hakuitwa jina la babu yake akiwa mdogo? Mtu yeyote angeapa mahakamani kwamba ule ni utani. Namsifu alimtazama mama yake usoni, akatafuta kile kicheko kwenye pembe za mdomo, akatafuta na machoni. Hakukipata.

Alimfikiria Mzee Lukio. Mzee Lukio alipata nyekundu mwaka uliopita, akarudishwa kwa binti yake. Binti hakuwa na jinsi, alikuwa akimfungia ndani kwa kufuli anapokwenda kibaruani, amemwachia chakula na chungu cha kujisaidia. Siku moja majirani waliona moshi. Namsifu alikuwa amepanga chumba kimoja, hana mume wala dada. Mama akirudishwa, itabidi aache kazi. Akiacha kazi, hapatakuwa na chumba. Au anunue kufuli.

Alibonyeza Utani kwa kidole gumba, upesi, kama mtu anayejikwangua kipele. Kisha akamrudishia mama yake kile kidude sikioni.

"Namsifu wangu," Bibi Nanzia akasema tena. "Umekula?"

* * *

Mkuu wa Nyumba ya Pamoja alikuwa Bi Teopista, mwanamke wa Bukoba, mrefu, mpole wa sauti, aliyekuja Ndungwi kwa mwaka mmoja na sasa alikuwa amesahauliwa hapo. Alimkuta Namsifu mlangoni.

"Mama anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri."

"Namsifu."

"Anatania tu, Bi Teopista. Unamjua mama."

Sheria ilisema mkaguzi asimkague ndugu yake. Mji mzima ulijua Bibi Nanzia ni mama wa nani, isipokuwa ile mashine, na Bi Teopista hakuwahi kuiambia. "Sawa," alisema. "Mimi ni mtu wa kuja, utani wenu siuelewi. Ndiyo maana upo." Akaenda zake jikoni kugombana na mpishi juu ya sukari.

Namsifu akarudi kitini. Maswali yalikuja machache, na yalikuwa matamu. Babu Senkondo, aliyekuwa seremala, alikuwa anamlalamikia Nuriati, binti mdogo mwenye nywele za mafundo: "Mke gani huyu hajui hata kuchemsha maji? Kesho namrudisha kwao." Nuriati naye akajibu kwa sauti ya kukwaruza, "Nirudishe! Lakini mbuzi wa mahari hatukurudishii, tumeshamla!" Na uwanja mzima ukaangua kicheko. Namsifu alijikuta anacheka peke yake ofisini. Utani. Ule ulikuwa utani wa kuweka makumbusho.

Alipopeleka macho dirishani, akiwa bado anatabasamu, aliona mkeka wa mama yake hauna mtu.

Wale watoto wawili walikuwa bado wanagombea kijiko. Bibi Nanzia hakuwepo. Shafii hakuwepo.

Alishuka ngazi mbili mbili. "Bibi Nanzia yuko wapi?"

"Katoka na mumewe," Babu Senkondo alisema, bado ana kicheko. "Wameshikana mikono. Nikawauliza fungate mnakwendea wapi?"

"Katokaje? Geti si limefungwa?"

"Limewafungulia lenyewe."

Lo! Mlinzi wa geti alishapunguzwa kazi siku nyingi. Geti lilikuwa likimsikiliza Mkwe. Mzee mwenye taa ya njano hafunguliwi. Mzee mwenye taa ya kijani ni mzima wa akili, mlezi wa kuaminika, anaruhusiwa kutoka na mtoto wake kwenda bustani ya mchicha ng'ambo ya barabara. Bibi Nanzia alikuwa kijani. Nani alimpa ule ukijani? Kidole gumba cha nani?

Namsifu hakwenda kuwatafuta bustanini. Alikuwa ameshaambiwa tangu asubuhi mama yake anakwenda wapi, kwa maneno yanayosomeka, kwenye kioo.

* * *

Njia ya ndivani inapanda nyuma ya kanisa, inapita migombani, halafu inakuwa mawe matupu. Namsifu aliipanda akiwa ameshika viatu mkononi. Alikuwa anaomba na kutukana kwa pumzi hiyohiyo. Ndiva yenyewe ni bwawa la kale, wazee walilijenga kwa mawe na udongo kwenye mkono wa mlima, na tangu pampu zisimamishwe kwa kukosa umeme watu walikuwa wamelirudia. Chini kabisa ukutani kuna tundu, na tundu limezibwa kwa gogo. Mfungulia maji hushuka, hulishika gogo, hulitikisa mpaka litoke, kisha hujirusha pembeni haraka, kwa sababu maji yanapopata njia hayachagui cha kuchukua. Kiondo alikuwa na kovu refu la paja kwa ajili hiyo, na Kiondo alikuwa mwanaume wa miraba minne.

Aliwaona kabla hawajamwona. Mama yake alikuwa amesimama ukingoni, amejifunga kanga kiunoni, mikono amepachika hapo hapo. Shafii alikuwa majini. Maji yalikuwa yamemfika kidevuni, uso ameuinua juu, na mikono yote miwili ilikuwa chini ya maji imeshika kitu.

"Tikisa!" Bibi Nanzia alikuwa anasema. "Tikisa mume wangu, kwani leo huna nguvu?"

"Natikisa bibi! Linatikisika!"

Namsifu hakupiga kelele. Aliogopa mtoto akishtuka atavuta. Aliteleza ukingoni kwa makalio, akaingia majini na nguo zake, matope yakamshika magoti, akajivuta, akamfikia, akamkumbatia kutoka nyuma na kumng'oa pale kama unavyong'oa muhogo. Gogo lilicheza. Povu likapanda juu likapasuka. Halikutoka.

Walilala kwenye majani, wote wawili wanakohoa. Kwenye saa yake iliyolowa palikuwa na maneno yanasubiri. "Shuka, mume wangu, ulichomoe gogo." Utani au kosa?

Bibi Nanzia alikuwa amewasimamia, anawatazama kwa kuchoka. "Haya, nani sasa atafungulia?" aliuliza. "Watu wanasubiri."

* * *

Mama Shafii aliletwa kutoka kiwandani akiwa bado na aproni, mikono inanuka tangawizi. Jina lake Saumu, msichana tu, hajafika hata miaka thelathini. Namsifu alikuwa amemngojea ofisini, mtoto amemfunika shuka, na alikuwa amejiandaa kupigwa. Kwa kweli alitaka apigwe.

"Ilikuwa juu yangu," alimwambia. "Sitaki kukuficha. Mama yangu anaumwa, Mama Shafii. Amekuwa akiumwa muda mrefu na mimi najua. Nimekuwa nikibonyeza kwamba ni mzima."

Saumu alimpapasa mwanawe kichwa, masikio, mbavu, kila mahali. Alilia kidogo, bila sauti. Kisha akauliza kitu ambacho Namsifu hakukitegemea.

"Umeshalijibu hili la leo?"

"Bado."

"Basi jibu utani."

"Mama Shafii, umenisikia nilichosema?"

"Nimekusikia dada. Jibu utani." Saumu alipiga magoti, akamshika Namsifu mikono. "Ukibonyeza kosa, bibi anaondoka, na wangu anaondoka naye, pamoja na wale wawili wengine. Mimi nitampeleka wapi? Kiwandani mlangoni kuna wanawake wamekaa wanasubiri mmoja wetu akose siku moja tu. Siku moja! Nikikosa kesho, keshokutwa mashine yangu ina mtu mwingine. Tutakula nini? Nitamfungia ndani kama Mzee Lukio?"

"Angekufa leo."

"Lakini hakufa!" Saumu alisema kwa hasira, na ndiyo mara ya kwanza hasira yenyewe kutokea. "Hakufa. Na njaa nayo inaua, dada Namsifu, au kwa kuwa haina gogo? Mwangalie tu bibi. Mfunge kamba. Mimi mama yake nimesema nimesamehe, wewe unakatalia nini?"

Bi Teopista alikuwa amesimama pembeni ya mlango. Namsifu alimgeukia kama mtu anayetafuta wa kumwokoa. "Wewe unasemaje?"

"Mimi sitaandika lolote ambalo hujabonyeza," Bi Teopista alisema taratibu. "Lakini kuna kitu ukikumbuke. Hii mashine inakuiga wewe. Mume wangu, mke wangu, yote haya umeifundisha kuwa ni salama. Siku utakayoiambia kwamba neno mume wangu lilitaka kuua mtoto, sijui itafikiri nini juu ya Babu Senkondo."

"Itaniuliza. Ndiyo kazi yangu, kuulizwa."

"Mungu akipenda," Bi Teopista alisema.

Namsifu alikaa. Alijaribu kuona kesho ilivyo kama akibonyeza Utani, na aliiona vizuri sana: angekuwa anamfunga mama yake kamba ya kanga kwenye nguzo, angekuwa anachungulia dirishani kila akipumua, na ingefika dakika moja ya kwenda chooni, au ya kucheka na Nuriati. Akajaribu kuona kesho kama akibonyeza Kosa. Aliona kufuli. Alitamani mtu mwingine yeyote awe na kidole chake.

Shafii alitoa kichwa kwenye shuka. Alikuwa ameshapona woga, macho yanang'aa. "Mama, nilikuwa karibu kulitoa," alimwambia Saumu. "Lilikuwa linatikisika. Bibi kasema kesho tunarudi, nile kwanza nishibe."

Saumu alimfunika mtoto mdomo kwa kiganja, polepole, kama vile maneno yale yangeweza kurudishwa ndani. Alimtazama Namsifu, kisha akatazama chini, na safari hii hakurudia kumwomba.

Namsifu akabonyeza Kosa.

* * *

Kioo kilichelewa kujibu kuliko kawaida. Kisha maneno yakaja moja moja, kwa adabu ileile ya siku zote. Asante. Jibu limehusishwa na tukio la hatari kwa mtoto. Nimejifunza. Maneno ya aina hii sasa yanajulikana. Hutaulizwa tena.

"Hapana," Namsifu alisema. "Hapana, hapana. Niulize. Niulize!" Akagonga kioo kwa vidole vyote. Vile vitufe viwili vilikuwa vimeondoka, na mahali pake palikuwa peupe.

Kutoka uani kicheko kikapanda. Babu Senkondo alikuwa ameanza tena, alikuwa anamwita mke wake amletee mswaki, na bibi wa upande wa pili naye alikuwa anamgombania mume na Nuriati. Namsifu alikimbilia dirishani. Kidani cha Babu Senkondo kilikuwa njano. Cha yule bibi kilikuwa njano. Wakati bado anaangalia, cha bibi mwingine kule kwenye bomba, aliyekuwa anamkogesha mtoto na kumbembeleza kwa maneno yaleyale, kikageuka nacho.

Alitoka mbio, miguu mitupu, nguo bado zimelowa matope.

"Msitanie! Jamani, nyamazeni! Msitaniane!"

Watu walimwangalia. Alisimama katikati ya uwanja akahema, akawaeleza kwa kukatakata maneno, mkono akiuelekeza kwenye vidani vyao. Mume wangu basi. Mke wangu basi. Msimwite mtoto babu, msimwite mtoto mkwe, msimtishie kumwacha. Mkwe hamuulizi mtu tena. Anayebaki na njano moja abaki nayo hivyo hivyo, asiongeze hata neno, mpaka yeye Namsifu aende mkoani akawapigie magoti wale mafundi, na hajui itachukua muda gani.

"Tuwaiteje sasa?" aliuliza yule bibi wa kwenye bomba.

"Majina yao. Kama yalivyoandikwa."

Walitii. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, jinsi walivyotii upesi, watu waliokuwa wamemsumbua kila mtu maisha yao yote. Mmoja mmoja walishika vidani vyao wakavitazama, wakaweka midomo sawa. Waliwavuta watoto karibu, wakasema nao kwa sauti ya mtu aliye mbele ya karani. Uwanja mzima ukaanza kusikika majina kamili, na katikati ya majina palikuwa kimya.

"Nuriati Mrindoko," Babu Senkondo alisema. Alikohoa. "Nuriati Mrindoko, keti hapa, unywe uji."

Nuriati alicheka, akasubiri kilichobaki. Alipoona hakuna kilichobaki, alikisogeza kikombe pembeni. "Babu?"

"Kunywa uji, Nuriati Mrindoko."

"Babu, nimekukosea nini?"

Babu Senkondo alifumbua mdomo, akagusa kidani, akaufunga. Mtoto alianza kulia.

Bibi Nanzia alikuwa kwenye benchi la getini, kifurushi chake cha nguo kimewekwa mapajani. Bi Teopista alikuwa ameshamvua kidani na kile kidude cha sikioni, kwa mikono yake mwenyewe, na alikuwa amemfunga kilemba upya. Saumu alikuwa amekaa benchi hilohilo, Shafii mgongoni, anasubiri hajui nini. Namsifu alikwenda akachuchumaa mbele ya mama yake, akamshika magoti. Hakujua aanze vipi kumwambia kwamba wanakwenda nyumbani.

Bibi Nanzia hakuwa anamtazama. Alikuwa amenyoosha shingo, anausikiliza ule uwanja, na uso wake ulikuwa na hofu ya mtu aliyeamka mahali asipopajua.

"Kuna nini hapa?" alimuuliza Namsifu kwa kunong'ona. "Mbona hivi? Hata msibani watu hutaniana."